Miezi Sita Ilitoka Wapi?

Katika mikataba mingi ya kuuza nyumba mpya kati ya Ruiru na Thika kuna kifungu kifupi ambacho wanunuzi hukipita haraka, macho yakiwa kwenye bei, tarehe ya kupewa funguo na jina litakaloandikwa kwenye hati. Kifungu hicho husema kwamba muuzaji atarekebisha kasoro zitakazoonekana ndani ya miezi sita tangu nyumba ikamilike. Nyufa nyembamba za plasta mara nyingi huachwa nje, pamoja na uchakavu wa kawaida. Wauzaji wengi hukisoma kwa njia moja tu: miezi hiyo ikiisha, nyumba na maradhi yake yote ni ya aliyenunua.

Kwa nini sita? Kwa nini si kumi na miwili, au miaka 10 kama ilivyo Dubai? Muda huo haukupimwa kwa mvua za Kiambu wala kwa udongo wake. Ulitoka mbali, na ulipofika Thika ulikuwa umeacha nusu ya mizigo yake njiani.

Kiganjo ni mahali pazuri pa kuufuatilia. Si ile Kiganjo ya Nyeri inayojulikana kwa chuo cha polisi. Hii ni mtaa wa Thika, mji wa viwanda ulio kilomita 40 hivi kaskazini mashariki mwa Nairobi. Humo, kama katika mitaa mingi ya Thika na Ruiru, nyumba ya familia iliyojengwa kidogo kidogo kwa miaka hukaa jirani na vyumba vya kupangisha vilivyopangwa mstari, na ghorofa jipya huinuka ng'ambo ya uzio. Lori la mawe ya Ndarugo, yaliyokatwa kwa mashine kule machimboni Juja, ni jambo la kila siku. Aliyejenga mwenyewe na aliyenunua nyumba iliyokwisha huweza kutumia mawe yaleyale na mafundi walewale. Tofauti yao huonekana ukuta unapopasuka.

Na kuta hupasuka. Magharibi ya barabara kuu ya Thika kuna udongo mwekundu wa kahawa, mpole kwa msingi. Mashariki yake, kuelekea tambarare za Athi, udongo hugeuka mweusi katika maeneo mengi, ule ambao watu wa mjengo huuita wa pamba. Huvimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, na msingi uliowekwa juu yake bila kuchimba hadi mwamba au udongo mgumu hupanda na kushuka pamoja nao. Sasa chukua nyumba iliyokabidhiwa mwezi Juni. Itapita ukavu wa Julai hadi Septemba, itapata mvua za vuli za Oktoba, na mwezi Desemba miezi sita itakuwa imekwisha. Joto la Januari na Februari litaukausha udongo kabisa, kisha masika ya Aprili yatauvimbisha. Mlango utagoma kufunga. Ufa utaanza kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa ngazi, jiwe baada ya jiwe. Huo ni mwezi wa kumi tangu kukabidhiwa, na kwenye simu watu wa mauzo watajibu kwamba nyumba inatulia tu.

Kabla ya mawe na mawakili, nyanda hizi za juu zilikuwa na utaratibu wake. Jomo Kenyatta, mwenyeji wa Gatundu si mbali na Thika, aliueleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938. Nyumba ya Mkikuyu ilijengwa na marafiki na majirani kwa siku moja. Wanaume walishughulika na miti, wanawake wakaleta nyasi za kuezekea, na kabla ya giza ilitakiwa isimame na moto uwashwe ndani yake. Wajenzi hawakulipwa fedha. Walipewa chakula na pombe, na mwenye nyumba akabaki na deni la kufanya kazi hiyohiyo siku wao watakapojenga. Aliyeezeka ovyo alikuwa akiishi umbali wa kusikia sauti, naye kesho angehitaji msaada wa yule aliyevujiwa. Hapakuwa na haja ya kuandika muda wa marekebisho. Lakini si vema kuyapamba mambo kupita kiasi: nyumba hizo hazikukusudiwa kusimama miaka hamsini, na nyasi zilizochakaa ziliezekwa upya bila kumtafuta wa kulaumiwa.

Mji wa Thika ulileta namna nyingine ya kukaa. Hoteli ya Blue Posts ilikuwapo tangu 1908, kati ya mito ya Chania na Thika. Reli kutoka Nairobi ikafika 1913, na mwaka 1924 mji ukatangazwa rasmi. Mashamba ya mkonge, kahawa na baadaye mananasi yaliuzunguka, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vikaongezeka. Mfanyakazi hakununua nyumba. Alipewa chumba na mwajiri au akapanga kwa serikali ya mji, na sheria za kazi zilimbana mwajiri atoe malazi au fedha za kodi. Wajibu huo umo hata katika kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Paa likivuja, lalamiko lilikwenda kwa mkubwa wa kambi. Bodi Kuu ya Nyumba iliundwa 1953, na 1967 ikawa Shirika la Taifa la Nyumba. Kwa miongo kadhaa, basi, aliyekaa ndani ya nyumba mpya mjini hakuwa mwenye nyumba, na swali la dhamana ya mnunuzi halikuwa na wa kuliuliza.

Sheria yenyewe ilikuwa imeletwa kwa meli. Hadi leo sheria inayopanga kazi ya mahakama za Kenya huitaja tarehe 12 Agosti 1897: mahakama hufuata kanuni za kimahakama za Uingereza na sheria zake za jumla zilizotumika siku hiyo, pale ambapo Kenya haijatunga zake na mazingira yanaruhusu. Kanuni moja iliyokuja na shehena hiyo ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Kwa bidhaa ilipunguzwa makali. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyoigwa kutoka ile ya Uingereza ya 1893, humlazimisha mfanyabiashara kuuza kitu chenye ubora unaofaa. Lakini nyumba si bidhaa. Ni sehemu ya ardhi. Matokeo yake ni kichekesho kisichochekesha. Bati lililo dukani mjini Thika lina ulinzi wa sheria hiyo. Bati lilelile likishapigiliwa juu ya paa na nyumba ikauzwa, mnunuzi wa nyumba hawezi kuishika sheria ya bidhaa na kudai kwamba bati limetoboka.

Huko Uingereza kwenyewe, kanuni hiyo iliwaumiza watu waliokuwa wakifanya kile ambacho wakazi wa Ruiru wanafanya sasa, yaani kuhamia nyumba mpya pembezoni mwa jiji kwa mkopo. Miaka ya 1930 wajenzi wa kubahatisha walijaza viunga vya London. Mmoja wa walionunua alikuwa Elsy Borders, mama wa nyumba aliyeolewa na dereva wa teksi, katika mtaa wa Coney Hall, West Wickham. Nyumba yake ilikuwa na unyevu, nyufa na paa linalovuja. Mwaka 1937 aliacha kulipa mkopo. Chama kilichomkopesha kilipomshtaki ili kuichukua nyumba, alisimama mahakamani akajitetea mwenyewe, akidai kwamba wakopeshaji walishirikiana na mjenzi kumwaminisha kwamba nyumba ni nzuri. Maelfu ya majirani na wanunuzi wa viunga vingine waliiga mgomo wake. Alipata ushindi katika Mahakama ya Rufaa, akaupoteza mbele ya Malodi, waliokuwa mahakama ya juu kabisa, mwaka 1941. Lakini Bunge lilikuwa limekwisha kuamshwa, na mwaka 1939 lilipitisha sheria ya kuvibana vyama hivyo vya mikopo.

Wajenzi nao walishtuka. Mwaka 1936 kilikuwa kimeanzishwa chombo cha kuwasajili, ambacho leo kinajulikana kama NHBC. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 dhamana yake ilikuwa ya miaka 10, ikiungwa mkono na bima, na wakopeshaji wakaanza kukataa kutoa mkopo kwa nyumba mpya isiyo na cheti chake. Hapo ndipo ilipopata nguvu. Mjenzi angeweza kumdharau mnunuzi mmoja, lakini hangeweza kuuza mtaa mzima bila benki. Hakuna sheria iliyomlazimisha kujisajili. Ni pesa ya mkopeshaji iliyofanya kazi hiyo, kwa sababu nyumba inayobomoka ni rehani inayobomoka.

Mahakama pia zilisogea. Mwaka 1966, katika kesi ya Hancock dhidi ya B. W. Brazier, jaji Lord Denning na wenzake walisema kwamba anayeuza nyumba ambayo bado inajengwa huwa ameahidi, hata kama hakuandika, kazi ya ufundi mzuri, vifaa vizuri na nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu. Kisa chenyewe kinapendeza kwa mtu wa udongo mweusi: mawe ya kujazia chini ya sakafu yalikuwa na sodiamu salfeti, yakavimba, sakafu zikapasuka. Lakini kuna mtego. Ahadi hiyo ya kimya humfaa aliyetia saini kabla nyumba haijamalizika. Aliyekuja kukagua nyumba iliyokwisha, akaipenda na kulipa, hubaki na kanuni ya zamani ya kujihadhari. Kwa mahakama za Kenya, ambazo huzipa hukumu za aina hii uzito wa ushawishi, maana yake ni kwamba anayenunua kwa kuonyeshwa ramani tu, na ambaye kila mtu humwonya kuwa anacheza kamari, kwa upande huu mmoja ana hoja nzuri kuliko yule mwangalifu aliyesubiri hadi rangi ikauke.

Na miezi sita? Hiyo haikutoka kwenye sheria ya wanunuzi hata kidogo. Ilitoka kwenye fomu za mkataba kati ya mwenye mradi na mwanakandarasi wake. Fomu ya Uingereza ya JCT ya mwaka 1963 ilikuwa na nafasi ya kujaza muda wa kurekebisha kasoro, na maelezo kwamba usipojazwa muda mwingine, utakuwa miezi sita. Wasanifu na wakadiriaji wa Afrika Mashariki walifunzwa kwa fomu za jamii hiyo, na mikataba ya hapa iliundwa kwa sura yake. Ile inayotumika sana Kenya katika ujenzi wa watu binafsi ilitolewa Aprili 1999 na Joint Building Council, chombo kinachowakutanisha wasanifu wa Architectural Association of Kenya na wajenzi.

Katika mkataba wa aina hiyo miezi sita ina meno. Mwenye mradi ana msanifu anayelipwa kukagua kazi, kutoa cheti cha kukamilika na kuandika orodha ya kasoro. Zaidi ya hayo, kila malipo yanapotolewa sehemu yake hushikiliwa, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10. Nusu ya pesa hizo hutolewa kazi inapokamilika, nusu nyingine baada ya kasoro kurekebishwa. Mwanakandarasi anayetaka pesa yake lazima arudi na mwiko. Tena muda ukiisha, haki ya kudai fidia kwa kasoro iliyojificha haifi; kinachokwisha ni wajibu na nafasi ya mjenzi kurudi kuirekebisha mwenyewe.

Mawakili walipoanza kuandika mikataba ya kuuza nyumba za halaiki, waliuchukua muda huo na kuuweka kwenye mkataba wa mnunuzi. Msanifu hakuja nao. Yupo, lakini ni wa muuzaji. Pesa za kushikiliwa nazo hazikuja, kwa kuwa mnunuzi kwa kawaida hutakiwa awe amelipa bei yote kabla ya kupewa funguo. Kilichobaki ni idadi ya miezi.

Mbona hakuna aliyepiga kelele? Jibu liko katika namna watu wa Kiambu walivyopata nyumba kwa muda mrefu wa uhuru. Hawakununua nyumba, walinunua ardhi. Miaka ya 1960 na 1970 kampuni na vyama vya kununua mashamba vilichanga fedha za wanachama, vikachukua mashamba makubwa ya walowezi na kuyagawa. Ukitazama hati za Ruiru zinazoanza na maneno Ruiru/Kiu Block 2, unatazama alama ya Githunguri Constituency Ranching Company, moja ya kampuni hizo. Mwanachama alipata kipande, kisha watoto wake wakakikata ploti za futi hamsini kwa mia, na kila mmoja akajenga kadiri alivyopata.

Huyo alikuwa na dhamana ya aina yake. Alinunua saruji, kokoto na nondo mwenyewe, akamlipa fundi ufundi tu, siku kwa siku au hatua kwa hatua. Hakumlipa mtu wa slabu kabla slabu haijamwagwa. Kwa kufanya hivyo alikuwa akishikilia pesa bila kujua kwamba msanifu wa London ana jina la jambo hilo. Fundi aliyeharibu alitafutwa kwa simu, kwa shemeji yake au kwenye kanisa alilokuwa akisali. Njia hii ilikuwa na mashimo yake makubwa. Fundi mzuri wa kujenga ukuta si mhandisi, na nondo iliyopunguzwa ili kuokoa pesa haina anayeweza kuisemea ikishafunikwa na zege. Hata hivyo aliyekaa ndani ndiye aliyeona msingi ukichimbwa, na kama aliamua kuishia kwenye udongo mweusi kwa kukosa fedha, alijua.

Nyumba za kununua zikiwa tayari zilikuwapo, ila Nairobi zaidi. Buru Buru ilijengwa kwa awamu tano kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ushirikiano wa serikali na shirika la Uingereza la Commonwealth Development Corporation, wanunuzi wakikopeshwa na Housing Finance Company of Kenya, iliyoanzishwa 1965. Palikuwa na mkopeshaji mkubwa mwenye sababu ya kujali ubora. Kama mtindo huo ungeenea nchi nzima, pengine Kenya nayo ingepata chombo kama NHBC. Haukuenea.

Kisha ikaja barabara. Ujenzi wa Thika Superhighway ulianza 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua tarehe 9 Novemba 2012: kilomita 50 hivi, njia nne kila upande sehemu nyingi, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, China na serikali ya Kenya. Safari iliyokuwa ikila asubuhi nzima ikawa ya chini ya saa moja barabara ikiwa wazi. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yakang'olewa kwa ajili ya miji mipya, Tatu City ukiwa mkubwa wake, kwenye ekari 5,000. Sensa ya 2009 iliihesabu Ruiru ikiwa na watu 238,858. Ile ya 2019 iliwakuta 490,120, ikawa miongoni mwa miji minne mikubwa ya nchi. Thika nayo ilipanda kutoka watu wasiofika 140,000 hadi zaidi ya 250,000 katika miaka hiyohiyo kumi.

Wengi wa watu hao hawakuwa na muda wa kusimamia fundi. Walifanya kazi Nairobi, Doha au Boston, nao walitaka kulipa na kuingia. Kampuni za kujenga na kuuza zikaja kuwahudumia, nyingine nzuri sana, nyingine za msimu. Hapa ndipo mnunuzi alipopoteza vyote viwili: jicho la mwenye kujenga mwenyewe, na pesa za kushikiliwa za mwenye mradi. Mara nyingi hata wa kumshtaki ni shida kumpata. Kampuni iliyouza iliundwa kwa ajili ya mradi huo mmoja. Nyumba zikiisha kuuzwa, akaunti yake hubaki tupu, na wenye hisa wako kwenye mradi mwingine wenye jina jingine. Kwenye maghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987, imempa mwenye nyumba hati ya sehemu yake na kuwaunganisha wote katika shirika lao. Ni hatua kubwa kwa hati. Lakini paa likivuja na tangi la majitaka likifurika, shirika hilo la wakazi ndilo linalojikuta likichangisha.

Serikali haikulala usingizi mzito, ila macho yake yalikuwa kwenye vifo. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) ilipitishwa 2011, wanakandarasi wakapangwa katika ngazi nane, kutoka NCA 1 hadi NCA 8. Tarehe 29 Aprili 2016 ghorofa la Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua na kuua takriban watu 50. Novemba 2022, Ruaka katika Kaunti ya Kiambu, jengo lililokuwa likijengwa liliangukia nyumba ya jirani na kuua watu wawili. Baada ya kila msiba walitumwa wakaguzi wenye rangi ya kuchora alama za X kwenye majengo hatari. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini nyumba ambayo haitaanguka kamwe inaweza bado kuwa balaa: maji yanapanda ukutani, vigae vinabanduka, bomba limefungwa kinyume. Kwa kasoro hizo mnunuzi ana kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ana Sheria ya Ukomo wa Madai inayompa miaka sita kwa madai ya mkataba na mitatu kwa madai ya uzembe. Miaka sita, si miezi. Wanunuzi wengi hawajawahi kuambiwa tofauti hiyo, na sioni kwa nini mtu wa mauzo angekuwa na haraka ya kuwaambia.

Kwingine njia zilikuwa mbili. Ufaransa, tangu Kanuni ya Napoleon ya 1804, ilimfunga mjenzi na msanifu kwa miaka 10. Misri ilichukua wazo hilo, na kutoka kwake likaenda Ghuba. Sheria ya miamala ya kiraia ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya 1985 iliwabana wawili hao kwa pamoja kwa miaka 10, hata kama tatizo lilitokana na udongo wenyewe, na Oman iliandika wajibu kama huo mwaka 2013. Kwa hiyo Mkenya aliyeko Dubai anayetuma fedha kununua nyumba Thika anaishi kwenye jengo lenye ulinzi wa muongo mzima huku akitia saini ulinzi wa nusu mwaka. Afrika Kusini ilifuata njia ya pili, karibu na ile ya Uingereza lakini kwa amri ya sheria. Tangu sheria yake ya 1998, mjenzi wa nyumba lazima asajiliwe na chombo maalum, na nyumba iandikishwe kabla ya kuanza. Miaka mitano kwa msingi, kuta na kiunzi cha paa, mwaka mmoja kwa paa linalovuja, miezi mitatu kwa kasoro ndogo. Mfuko wa chombo hicho huingilia kati mjenzi akishindwa au akitoweka.

Kenya ina nini cha kufanya mambo yasogee? Nguvu iliyosukuma Uingereza, yaani mkopeshaji, hapa ni dhaifu. Takwimu za Benki Kuu zimekuwa zikionyesha akaunti za mikopo ya nyumba zisizozidi 30,000 hivi katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Kiganjo hujengwa na kununuliwa kwa mshahara, sacco, chama, na pesa za mtoto aliye ng'ambo. Pesa hizo hazina afisa wa benki anayeuliza cheti. Mawakili wachache wameanza kuwaombea wateja wao sehemu ndogo ya bei ibaki mikononi mwa wakili hadi miezi ya marekebisho iishe, ambayo ni kuurudisha ule mzigo ulioachwa njiani. Muuzaji mwenye foleni ya wateja hukataa. Mwenye nyumba kumi zilizokaa bila mnunuzi hukubali.

Mabadiliko yanaweza kuja kutoka upande ambao haukutazamiwa. Mpango wa nyumba nafuu, uliowekewa sheria yake Machi 2024 na tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, umefika Kaunti ya Kiambu pia, Thika ikiwemo. Humo muuzaji ni serikali, na mnunuzi anaweza kulipa kidogo kidogo kwa hadi miaka 30 akiwa tayari anaishi ndani. Mnunuzi huyo yuko karibu na Elsy Borders kuliko jirani yake aliyelipa taslimu: ukuta ukipasuka mwezi wa kumi, au mwaka wa tatu, bado anadaiwa, na anayemdai hawezi kufunga kampuni na kuhamia mradi mwingine. Kama mikataba hiyo itasema wazi nani hurekebisha nini, kwa muda gani, na kwa pesa za nani, kampuni binafsi za Ruiru zitalazimika kueleza kwa nini zao zinasema miezi sita.